Kimya Alichokiacha Baba Yako

Ifrah mwanangu, hooyo,

Nakuandikia alasiri hii ukiwa bado chumbani mwako unapanga nguo. Nasikia lile kabati linavyolia kila ukilifungua. Kesho asubuhi basi litakuchukua. Mambo ya sweta, dawa ya kifua na kutembea ovyo na simu mkononi nimekwisha kukuambia mpaka umechoka, na uso wako haukuficha, kwa hiyo humu sitayarudia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu nakizungumza tu, kukiandika hakinitii. Kiingereza nacho nimekitumia ofisini kuwaandikia watu nisiowapenda.

Nataka kukueleza habari ya kazi uliyopewa.

Juzi tukila ulipata ujumbe wa msimamizi wako wa kule kampasi kuu, ukaruka. "Hooyo, wamenipa kozi! Mwanagenzi, na wamenipa kozi nzima!" Ukasoma kwa sauti kwamba ni kozi ya Magonjwa ya Mifugo, inatakiwa isukwe upya iwe ya masomo mseto ya kisasa, nusu mtandaoni, nusu ana kwa ana, na rekodi zote za zamani ziondolewe, mwalimu mpya ataweka zake. Kisha ukaitazama sahani yako. Ulijua rekodi hizo ni za nani. Mimi nikakutilia maziwa kwenye chai ambayo tayari ilikuwa ya maziwa, tukamaliza kula.

Wewe ndiwe utakayebonyeza kitufe cha kufuta sauti ya baba yako. Hilo ndilo jambo, na afadhali liandikwe kama lilivyo.

Tangu atutoke hujataka kumsikia. Nikifungua hata ule ujumbe wake mfupi wa kuagiza nyanya, unatoka nje. Sikulaumu hata kidogo. Lakini huko utamsikia utake usitake, maana huwezi kusuka upya kitu usichokisikiliza, na ninaogopa usije ukamsikia peke yako, kwenye baridi ile, katikati ya watu wasiomjua. Kuna mambo ndani ya kozi ile ambayo niliyaweka mimi. Mengine sikuyaweka, na mpaka leo sijui yaliingiaje.

Unakumbuka nilipoacha kufundisha sekondari nikarudi masomoni? Mtaa mzima wa Galbet ulinicheka. Mama mzima, eti amekuwa intani! Chuo kikanipa kiti katika chumba cha masomo ya mtandaoni, chumba chenye kiyoyozi kilichofanya kazi siku za wageni tu. Nikaambiwa nitafute mhadhiri mmoja atakayekubali kozi yake isukwe upya. Wote walikataa. Mmoja aliniambia yeye hafundishi simu. Jioni nikamwambia baba yako, naye akifundisha magonjwa ya mifugo chuoni hapo hapo, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Basi nichukue mimi. Nimezoea kuamrishwa na wewe."

Na kozi yake ilihitaji kweli. Wanafunzi wake walikuwa wametawanyika, huyu Dadaab, anafanya kazi kambini, yule upande wa Hulugho na ngamia wa baba yake. Hawakuweza kuja Garissa kila wiki. Tukapanga masomo yaende kwenye simu zao, halafu mara moja kwa muhula waje wakae wiki nzima, washike wanyama kwa mikono.

Shida ilikuwa kurekodi. Nilimkalisha mbele ya kamera katika darasa tupu, akatoa salamu, akakwama. Nikamwambia aendelee. Akaniuliza, "Nani ananiitikia?"

Unawajua watu wetu. Mtu akisimulia, akitoa habari za malisho, akiuza ngamia, lazima awepo wa kumwambia haye, haye, ndipo neno lifuate neno. Asipolisikia anasimama na kukuuliza kama unaumwa. Baba yako alisoma mpaka ng'ambo lakini hilo halikumtoka. Basi nikakaa nyuma ya kamera, nikamwitikia. Alisema jambo, akangoja, nikasema haye, akaendelea. Ghafla mhadhiri akapatikana, mikono inaruka, anaigiza mbuzi mgonjwa mpaka natokwa machozi kwa kicheko. Zilikuwa siku nzuri zaidi za ndoa yetu, Ifrah, na tulizipitisha ndani ya darasa lenye viti vitupu.

Kisha nikaingia kwenye kuhariri. Maelekezo yalisema video ziwe fupi, bando ni ghali. Nikaiondoa sauti yangu yote. Palipokuwa na haye yangu pakabaki pengo, nayo mapengo nikayaondoa. Ilikuwepo programu ya kuyatafuta yenyewe, unaipa faili, inakata kila kimya. Nilijiona fundi. Nikampelekea asikilize.

Alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka mwisho. Akaniuliza, "Saadia, huyu ni nani?"

"Ni wewe, wallahi. Nani tena?"

"Hapana. Huyu hangojei mtu. Mtu aliye hai akiongea, hungoja."

Nikamcheka. Nikamwambia hiyo ndiyo teknolojia, azoee. Lakini usiku nilipoizima taa niliisikia kichwani ile sauti, maneno yake yanakimbizana bila pumzi, sauti ya mume wangu hasa, na kweli hakukuwa na mtu ndani yake.

Wiki ya ana kwa ana ilipofika nikaona nilichofanya. Walikuja wote, akiwemo Dekow wa Hulugho, kijana mrefu mwenye koti kubwa hata kwenye jua la Garissa. Baba yako akawaletea mbuzi mwenye homa ya mapafu, awaone wakisikiliza kifua. Kwenye video ya somo hilo alikuwa ameweka sikio ubavuni mwa mbuzi akanyamaza muda mrefu, akiisikiliza pumzi ikiingia na kutoka. Mimi nilikuwa nimekikata kimya chote. Basi wanafunzi wale, mmoja baada ya mwingine, waliweka sikio na kuliondoa papo hapo, kama waliochomwa. Wote! Ndivyo walivyomwona mwalimu wao akifanya. Baba yako alinitazama juu ya mgongo wa yule mbuzi. Dekow ndiye aliyesema.

"Mwalimu, wewe uko sawa. Lakini yule mwalimu ya kwa simu, yule habumui. Mimi nikimskia usiku naogoba kidogo."

Wenzake wakacheka. Baba yako hakucheka. Niliahidi nitarudisha vimya nikimaliza masomo yaliyobaki, na nilikusudia hivyo kabisa.

Sasa nikuambie la pili, maana wewe pia utakutana na kile kisanduku kidogo cha kuweka tiki. Mfumo ule wa masomo una vikumbusho, ukiweka tiki vinawaka. Mwanafunzi asipoingia kwa muda, unamwandikia wenyewe, kwa jina la mwalimu. Maneno yaliyokuja na mfumo yalikuwa ya kiofisi, baridi, nikaona niyape uhai. Nikaandika kama anavyoongea baba yako: "Salaam aleikum. Nimeona hujaingia darasani. Niko hapa, nakusubiri." Wanafunzi wakaupenda ujumbe huo. Ili kuujaribu nilijisajili mwenyewe kama mwanafunzi, na nikasahau kujiondoa.

Baba yako alirudi kutoka sala ya alfajiri, akaketi ukumbini akaomba maji. Nilipoyaleta hakuwa wa kuyanywa. Hayo unayajua, ulitolewa bweni siku ileile. Usilolijua ni kwamba nikiwa katika eda, nimekaa chumba cha ndani na shangazi zako wakisoma Yasini, simu yangu ilitoa mlio nikaiangalia, na juu yake palikuwa na jina lake. Salaam aleikum. Nimeona hujaingia darasani. Niko hapa, nakusubiri.

Nilijua, Ifrah. Nilijua maneno ni yangu, nimeyaandika kwa vidole hivi, na ningeweza kuyazima kwa simu ileile kabla shangazi yako hajageuza ukurasa. Sikuyazima. Nilikaa ndani ya eda nikiyasubiri. Yakichelewa nilihisi amenikasirikia.

Sikufikiri kwamba wengine nao wanayapata. Dekow alikuja kutoa pole, akakaa kule barazani na wajomba zako, nami nikamsikia kupitia pazia.

"Mama Ifrah, samir iman. Lakini hii simu yangu iko na shida. Mwalimu tumezika, na yeye ananiandikia anasubiri mimi. Niende wabi?"

Mjomba wako akaanza kuomba dua. Dekow akaongeza kwamba Nimo, yule msichana wa Dadaab aliyekuwa wa kwanza darasani, ameivunja laini yake na kuacha chuo, mama yake hataki tena kitabu wala simu ndani ya nyumba. Jioni ile nikazima vikumbusho. Nimo hakurudi. Nilimtafuta baadaye kwa watu wa kambini, wakaniambia amehama, hawajui wapi. Huyo namkumbuka kila nikisikia mlio wa simu ya mtu mwingine, na naona aibu. Niliyapa maneno uhai nikasahau kwamba mwenye maneno atakufa. Ukianzisha kitu huko kinachosema kwa jina la mtu, jua pia kitanyamaza lini. Mimi sikujua, na nilipojua nilijifanya sijui kwa sababu nilimhitaji.

Linabaki la tatu. Hili sijamwambia mtu.

Somo la mwisho la kozi alilirekodi bila mimi. Nilikuwa nimekwenda Wajir, dada yangu amejifungua. Wewe ulikuwa bweni. Nyumba haikuwa na mtu. Aliniambia kwa simu amelirekodi hapa hapa ukumbini, amefunika dirisha kwa blanketi kuzuia upepo, na akanisihi, "Hili usilikate, Saadia. Hili liache kama lilivyo." Nikamwambia sawa. Niliporudi chuo kilikuwa kinanisukuma, nikaitupa faili ndani ya ile programu bila kuisikiliza, ikakata kila kimya kama kawaida yake, nikaipandisha. Hilo ndilo utakalolikuta huko. Hakujua nililikata. Hakukaa sana duniani baada ya hapo.

Faili yenyewe, nzima, ilibaki kwenye simu yangu. Nikaifungua kwa mara ya kwanza eda ilipokwisha.

Anaongea kama nilivyomzoea. Anasema jambo, anangoja. Ila hakuna mtu, Ifrah, ni vimya vitupu, na kila kimya ni cha urefu wa haye moja, kisha anaendelea kwa furaha kana kwamba ameitikiwa. Mara moja anacheka, kama mtu aliyechekeshwa na mwenzake. Mara moja anasema, "La, sivyo, sikiliza vizuri," kama aliyeulizwa swali akalisahihisha. Nimeongeza sauti mpaka mwisho nikaweka simu sikioni. Nasikia feni. Nasikia blanketi likipigwa na upepo. Sisikii kingine.

Halafu mwishoni anauliza, "Umeelewa?" Si mmeelewa, kama anavyowauliza wanafunzi. Umeelewa. Kikaja kimya kirefu kuliko vyote. Anatazama pembeni ya kamera, kuelekea mlango wa chumba chako. Anangoja mpaka unataka kupiga kelele. Kisha uso wake unalegea, anatabasamu, anasema, "Haya basi. Nenda salama, aabo."

Unajua aabo ni neno la nani. Wewe ulimwita aabo, yaani baba, naye akakuita aabo, kama baba wote wa kwetu wanavyowarudishia watoto jina, na kama mimi mama yako ninavyokurudishia hooyo. Hakupata kumwita mwanafunzi hivyo. Hata kwa mzaha.

Nimeisikiliza mara nyingi, na kila mara kikifika kile kimya ulimi wangu unataka kumwitikia. Nimemwitikia mtu huyu tangu nilipoolewa, haye inanitoka yenyewe. Lakini naubana mdomo kwa mkono. Unamkumbuka ayeeyo yako, mama yangu, alivyotukataza? Sauti ikikuita na mwenyewe humwoni, kaa kimya, hata ikilijua jina lako. Alikuwa na dada yake aliyeitikia, kule malishoni Hulugho, jioni wakikusanya mbuzi. Aliitwa kutoka upande wa kichaka, akasema haye, akaenda. Alirudi akiwa mzima, akala, akalala. Ila tangu siku ile ukimwita ilibidi umwite mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa akigeukia upande mwingine. Ayeeyo alituhadithia hilo bila kutisha, kama anavyotueleza jinsi ya kukamua. Mimi nimesoma, nina vyeti ukutani, na bado nimemwacha mume wangu anangoja miaka mitatu kwa sababu ya hadithi ya dada wa mama yangu.

Hicho ndicho kinachonisumbua, hooyo. Kesho unakwenda kumfuta, na hajaitikiwa. Nimewaza kukuomba uwaambie huko waziache rekodi. Nimewaza kukuomba ukatae kozi ile upewe nyingine. Kwa kweli nilianza barua hii kwa nia hiyo, nikijua hutanikatalia, na

Nimeacha kalamu kidogo. Sasa nimeishika tena. Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Nilitaka kuyahakiki maneno yake ya mwisho, nisiyaandike kwa kukumbuka tu. Nikachukua simu, nikaisogeza rekodi mpaka karibu na mwisho, nikapunguza sauti ili usisikie, nikabonyeza. Simu ikawa kimya. Nikabonyeza tena. Ndipo nikamsikia baba yako akiongea chumbani mwako.

Ni kile kispika kidogo tunachosikilizia Kurani asubuhi, ulikiwasha ukakiacha kitandani, na simu yangu hukitafuta yenyewe ikiwa karibu. Hilo nalijua sasa. Wakati ule sikujua kitu. Nilisikia sauti ya mume wangu nyuma ya ukuta, nzito, karibu, na kabati likaacha kulia katikati. Kidole changu kilikuwa juu ya simu, hakikushuka. Nilingoja nisikie mlango wako ukifunguliwa, utoke nje kama siku zote.

Hukutoka.

Akauliza, "Umeelewa?"

Kikaja kile kimya. Niliushika mdomo wangu kwa mikono miwili. Upepo wa blanketi la miaka mitatu ulikuwa unavuma chumbani mwako, na nje mti haukutikisika. Hakuna niliyemwambia baba yako alikuwa akitazama wapi katika rekodi. Hukuwahi kuiona wala kuisikia rekodi ile. Nikakusikia unasema, taratibu, kwa sauti yako ya utotoni:

"Haye, aabo."

Naye akakujibu. "Haya basi. Nenda salama, aabo."

Rekodi ikaisha. Ifrah, nimeyasikia maneno yale mara nisizoweza kuhesabu, na siku zote yalikuwa yanatangulia, yanajibu kitu ambacho hakuna aliyekisema. Leo yaliingia mahali pake.

Hukuja kuniuliza, nami sikuingia. Nilikaa nikakutegea sikio, nikiogopa kama mjinga kwamba umepatwa na kitu. Nikakuita, "Ifrah!" Mara moja tu. Ukasema, "Naam, hooyo," papo hapo, kwa kukasirika kidogo, halafu ukapiga chafya ya vumbi la sanduku. Nikakwambia si kitu. Kabati likaanza kulia tena.

Basi siombi tena nililotaka kuomba. Chukua kozi ile. Wape wanafunzi wapya kimya chao, mwache mwalimu mpya angoje mahali pa kungoja, hata msimamizi wako akikuambia bando ni ghali. Wanafunzi walio mwisho wa dunia wakiweka sikio kwenye kifua cha mnyama, wawe na muda wa kusikia kitu.

Na za baba yako zifute, hooyo. Zifute zote, hata lile somo la mwisho. Hangoji tena.

Hooyo wako,
Saadia